Somo la Sheria kwa Wananchi: Nani Husimama Mahkamani kwa Niaba ya Serikali?

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wananchi wengi wenye madai juu ya Serikali ni kutojua Serikali huitwa mahkamani kwa jina la nani, na ikishaitwa ni nani hasa anayekuja kuijibia. Wapo wanaomtaja Waziri, wapo wanaomtaja Katibu Mkuu, na wapo wanaomwandikia Sheha wa shehia yao wakidhani kuwa yeye ndiye Serikali yote. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye haki ya wazi hurejeshewa karatasi zake, si kwa sababu dai lake ni la uongo, bali kwa sababu amebisha hodi katika mlango usiokuwa wake. Wakati anapoambiwa kosa lake lilipo, pengine muda uliowekwa na sheria umekwisha kupita.

Somo letu la leo limekusudiwa kuondoa tatizo hilo. Tutaeleza kwa utaratibu wanasheria wa Serikali ni akina nani, kila mmoja kazi yake ni ipi, na mwananchi wa Unguja au Pemba atawatambua vipi katika nchi yetu yenye Serikali mbili.

1. KWA NINI SERIKALI IHITAJI WAKILI

Neno wakili si geni kwetu. Tangu chuoni tunajua kuwa mtu anaweza kumweka mwengine mahali pake katika kuuza, kununua, kuoa na kudai, na kwamba uwakala hausihi mpaka mwenye jambo awe amemwakilisha mtu huyo kweli. Mtu asiyewakilishwa, hata akisema maneno mazuri namna gani, maneno yake hayamfungi mwenye jambo.

Serikali nayo iko katika hukumu hiyo hiyo. Serikali si mtu mwenye mwili hata iweze kupanda kizimbani na kula kiapo. Ni lazima awepo mtu anayetambuliwa na Katiba na sheria kuwa yeye ndiye msemaji wake mbele ya hakimu. Waziri anaweza kuisemea Serikali katika Baraza, na Afisa Habari anaweza kuisemea katika gazeti, lakini mahkamani hawatoshi. Huko panahitajika yule aliyetajwa na sheria.

Inafaa pia tukumbuke kuwa haki ya mwananchi kuishitaki Serikali yake haikuwa nyepesi siku zote. Huko Uingereza, ambako sehemu kubwa ya taratibu zetu za mahkama imetokea, mfalme hakuweza kushitakiwa kama watu wengine mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1947. Hapa kwetu, kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mashauri ya Serikali ya mwaka 1967 ilimtaka mwananchi apate kwanza idhini ya Waziri ndipo aweze kuishitaki Serikali. Yaani mwenye kudaiwa ndiye aliyeombwa ruhusa ya kudaiwa.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahkama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa sharti la idhini ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa linamzuia mtu kuifikia mahkama. Mwaka uliofuata, 1994, sheria ikarekebishwa. Idhini ikaondolewa na pahala pake ikawekwa notisi ya siku 90. Mwananchi akawa haombi tena ruhusa, bali anatoa taarifa.

2. SERIKALI MBILI, WANASHERIA WAKUU WAWILI

Tangu Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964, nchi yetu ina Serikali mbili. Ipo Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, yenye mamlaka juu ya mambo yote ya Muungano na pia juu ya mambo yasiyo ya Muungano yanayohusu Tanzania Bara. Na ipo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, yenye mamlaka hapa Visiwani juu ya mambo yote yasiyo ya Muungano.

Kila Serikali ina Mwanasheria Mkuu wake. Mmoja ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano, ambaye cheo chake kimewekwa na ibara ya 59 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, na huteuliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wa pili ni Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, ambaye cheo chake kimewekwa na kifungu cha 55 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, na huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Wa kwanza ni mjumbe wa Bunge kwa wadhifa wake, na wa pili ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kwa wadhifa wake.

Si kweli kwamba mmoja ni mkubwa na mwengine ni msaidizi wake. Huyu ana Serikali yake anayoishauri na kuitetea, na yule ana yake. Kwa hiyo kabla hujauliza ni mwanasheria gani, uliza kwanza ni Serikali ipi. Ukilikosea hili la kwanza, yote yanayofuata yatakuwa yamejengwa juu ya mchanga.

3. UPANDE WA JAMHURI YA MUUNGANO

Kwa Serikali ya Jamhuri ya Muungano, kazi ya sheria imegawanywa baina ya wakuu watatu, na watu wengi huwachanganya.

(a) Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huyu ndiye mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria. Katiba inampa haki ya kuhudhuria na kusikilizwa katika mahkama zote za Jamhuri ya Muungano. Jina la cheo chake ndilo linaloandikwa katika hati za madai dhidi ya Serikali, na ndiyo maana tunasoma katika magazeti kuwa fulani amemshitaki Mwanasheria Mkuu. Maana yake si kuwa bwana huyo amemkosea mtu nafsini mwake. Anayedaiwa ni Serikali, na yeye ndiye mlango wake.

(b) Wakili Mkuu wa Serikali. Ofisi yake ilianzishwa mwezi Februari 2018 kwa tangazo la Rais wa Jamhuri ya Muungano, ikatenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Kazi yake ni kuendesha mashauri ya madai, mashauri ya kikatiba na yale ya usuluhishi ambayo Serikali inadai au inadaiwa, ndani na nje ya nchi. Kwa maneno mengine, jina lililoandikwa katika hati ya madai ni la Mwanasheria Mkuu, lakini wanaosimama mbele ya jaji na kutoa hoja katika mashauri hayo ni Wakili Mkuu wa Serikali na mawakili walio chini yake.

(c) Mkurugenzi wa Mashtaka. Huyu anahusika na jinai. Cheo chake kiliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 2005, katika ibara ya 59B. Ana mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai katika Tanzania Bara. Katiba inamtaka awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma.

Tafauti baina ya (b) na (c) ndiyo inayowapotosha wengi. Ikiwa mtu amevunjiwa ukuta na gari ya Serikali naye anataka fidia, hilo ni dai, nalo ni la Wakili Mkuu kulijibu. Ikiwa mtu anashitakiwa kwa wizi, hiyo ni jinai, nayo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Katika la kwanza Serikali inaweza kuwa mdai au mdaiwa. Katika la pili Serikali ndiyo yenye kushitaki.

4. UPANDE WA ZANZIBAR

Hapa Zanzibar mgawanyo huo upo pia, ingawa si sawa kabisa.

Mashauri ya madai ambayo Serikali ya Mapinduzi inadai au inadaiwa yamo katika mikono ya Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar na Mawakili wa Serikali walio katika Afisi yake. Hapa kwetu kazi ya kuisimamia Serikali katika mashauri ya madai imebaki katika Afisi ya Mwanasheria Mkuu mwenyewe. Kwa hivyo mkaazi wa Zanzibar asije akanakili karatasi za jamaa yake wa Dar es Salaam zilizoelekezwa kwa Wakili Mkuu wa Serikali akadhani zitamfaa mbele ya Mahkama Kuu ya Zanzibar.

Mashtaka ya jinai yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Afisi hiyo iliingizwa katika Katiba ya Zanzibar mwaka 2002, kwa kifungu cha 56A. Kabla ya hapo mashtaka yalikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, na katika mahkama za chini yakiendeshwa na askari polisi. Hatua kwa hatua kazi hiyo ikahamishiwa kwa waendesha mashtaka wa Afisi ya Mkurugenzi. Faida yake ni kwamba anayempeleleza mtuhumiwa na anayeamua kumshitaki si mtu mmoja. Jicho la pili huona lililofichika kwa jicho la kwanza.

5. MLANGO UPI KWA JAMBO LIPI

Kanuni ya kukusaidia ni kuangalia chombo kilichotenda ni cha Serikali ipi. Orodha ya mambo ya Muungano imo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa mambo 11, na hivi sasa orodha ina mambo 22. Miongoni mwake ni mambo ya nchi za nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, sarafu, bandari, posta na simu, na Mahkama ya Rufani. Ardhi, afya, kilimo na elimu ya msingi na sekondari hayamo katika orodha hiyo, kwa hiyo hapa Visiwani ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi.

Tuchukue mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Mkaazi wa Mkoani ameona lori la Wizara ya Kilimo ya Zanzibar limepinda kona vibaya na kuvunja banda lake la biashara. Wizara hiyo ni ya Serikali ya Mapinduzi. Mlango wake ni Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar.

Mfano wa pili. Mkaazi wa Wete anadai kuwa askari polisi amemjeruhi bila ya sababu alipokuwa akirudi kutoka shamba. Askari huyo yuko Pemba na mahali pa tukio ni Pemba, lakini Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano. Kwa kanuni, anayejibu dai la fidia ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Isidhaniwe kwamba kwa ajili hiyo mahkama zetu zimefungwa mlango. Ibara ya 115 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua kuwa, pale sheria ya Bunge inayotumika pande zote mbili inapoipa mamlaka Mahkama Kuu ya Jamhuri, Mahkama Kuu ya Zanzibar nayo inaweza kuyatumia mamlaka hayo sambamba.

Mfano wa tatu. Kijana wa Mwanakwerekwe amekamatwa na polisi kwa tuhuma za wizi wa pikipiki. Polisi ni wa Muungano, lakini kosa limetendeka Zanzibar na kesi iko katika mahkama ya Zanzibar. Anayeendesha mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Hata shauri likifika Mahkama ya Rufani ya Tanzania, ni Mkurugenzi huyo huyo atakayesimama kwa upande wa mashtaka.

Msomaji ataona kuwa katika mfano wa pili na wa tatu askari ni wa jeshi moja, lakini wakili wa Serikali si mmoja. Hapo ndipo wengi huteleza.

Tuongeze kuwa yapo mashirika yaliyoundwa kwa sheria na kupewa uwezo wa kushitaki na kushitakiwa kwa majina yao wenyewe. Soma sheria iliyoliunda shirika lenyewe, au muulize anayejua, kabla ya kuandika jina la mdaiwa. Ama Mahkama za Kadhi, hizo ni za mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo baina ya Waislamu. Si mahali pa kudai fidia kutoka Serikalini.

6. SHAURI LENYE FUNZO KUBWA

Kuijua Serikali inayohusika si jambo la karatasi tu. Linaweza kugusa uhuru wa mtu. Shauri mashuhuri katika jambo hili ni lile la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Watu hao 18 walishitakiwa kwa kosa la uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi, nao wakakaa rumande kwa zaidi ya miaka miwili.

Suala lililofika Mahkama ya Rufani mwaka 2000 lilikuwa la sheria tupu: je, uhaini unaweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar? Mahkama ilieleza kuwa uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na kwamba dola hiyo katika nchi yetu ni Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi peke yake. Watuhumiwa wote waliachiwa katika mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Hatutaki kuingia katika siasa za wakati ule, kwani ukurasa huu si mahali pake. Funzo letu ni la sheria. Swali la Serikali ipi, ambalo wengine huliona dogo, ndilo lililoamua shauri zima. Na kama lilitulizwa baada ya miaka kupita ilhali watu wamo ndani, basi kila mwanasheria wa Serikali na kila mwananchi ana sababu ya kuliuliza mapema.

7. SERIKALI MBILI ZIKIHITILAFIANA, NA MASHAURI YA NJE

Huenda msomaji akauliza: je, ikiwa Serikali zenyewe mbili zimekhitilafiana juu ya maana ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, nani ataamua? Katiba imeweka Mahkama Maalum ya Katiba katika ibara ya 125. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Jamhuri ya Muungano na nusu na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uamuzi wake unahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wajumbe wa kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa kutoka Zanzibar. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kumshinda mwenziwe kwa wingi wa watu.

Ama nje ya nchi, mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na dola inayotambuliwa ni moja. Hivyo mbele ya mahkama za kimataifa wanaosimama ni wanasheria wa Jamhuri ya Muungano. Shauri la Mchungaji Christopher Mtikila juu ya mgombea binafsi ni mfano mzuri. Mwaka 1994 alishinda katika Mahkama Kuu huko Dodoma, na mdaiwa wake alikuwa Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2010 Mahkama ya Rufani, katika rufaa iliyoletwa na Mwanasheria Mkuu, ikasema kuwa jambo hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kuwa Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika. Huko Arusha jina la mdaiwa lilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, lakini waliosimama kuitetea ni wanasheria wake wale wale.

Ieleweke, hata hivyo, kuwa Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri yao moja kwa moja katika mahkama hiyo, na uondoaji huo ulianza kutumika Novemba 2020.

8. HATUA ZA KUFUATA

Mwananchi mwenye dai la haki juu ya Serikali tunamnasihi afuate hatua hizi:

(i) Aandike tukio lake lote: siku, saa, mahali, namba ya gari au jina la afisi, na majina ya mashahidi. Kumbukumbu ya moyoni hufifia.

(ii) Atambue chombo kilichotenda ni cha Serikali ipi, kwa kanuni tuliyoieleza hapo juu.

(iii) Atoe notisi kwa maandishi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa Tanzania Bara notisi ni ya siku zisizopungua 90. Hupelekwa kwa Wizara au idara inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zanzibar ina sheria zake. Mtu asichukue siku za Bara akazitumia hapa, wala za hapa akazitumia Bara, bali aulize katika afisi ya Mrajis wa Mahkama Kuu au kwa wakili.

(iv) Aandike jina la mdaiwa kwa ukamilifu. Kwa Bara, tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata anayeidai halmashauri, wakala wa Serikali au shirika la umma ni lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu katika shauri. Asipofanya hivyo, sheria inasema shauri lote linabatilika.

(v) Asingoje mpaka dakika ya mwisho. Kila dai lina muda wake wa ukomo, na muda huo hausimami kwa sababu ya mtu kwenda na kurudi katika afisi isiyohusika.

Kuuliza si ujinga. Saa moja ya kuuliza inaweza kumwokolea mtu miaka mitatu ya kungojea.

9. WAJIBU WA WAKILI WA SERIKALI

Tusimalize bila ya kusema neno juu ya mawakili wenyewe. Wapo wanaodhani kuwa kazi ya wakili wa Serikali ni kushinda kwa kila njia. Sivyo. Wakili wa Serikali ni afisa wa mahkama kama mawakili wengine, na mteja wake ni Serikali, ambayo mali yake ni ya wananchi wote, akiwemo yule anayeidai. Akiona kuwa dai ni la kweli, wajibu wake ni kuishauri Serikali imalize jambo kwa suluhu, kwani kulikataa la haki ni dhulma, na kulivuta kwa miaka ni gharama juu ya hazina. Na akiona dai ni la uongo, wajibu wake ni kulipinga kwa nguvu zake zote, kwa kuwa fedha za umma si ngawira.

Mwananchi naye ana wajibu wake. Akishinda, asitegemee kuwa dalali atakwenda kukamata gari za wagonjwa au madawati ya skuli na kuyapiga mnada. Kwa sheria ya Bara, mali ya Serikali haikamatwi kutekeleza hukumu. Mshindi hupata hati kutoka mahkamani inayoonesha kiasi anachodai, na Serikali hutakiwa kulipa kwa hati hiyo. Sababu yake iko wazi. Haki ya mtu mmoja isije ikawa madhara kwa wagonjwa na wanafunzi wasio na hatia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkaazi wa Kizimkazi anadai kuwa Wizara ya Afya ya Zanzibar imejenga kituo ndani ya shamba lake bila ya fidia. Atamtaja nani? Jawabu: Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, kwa kuwa afya na ardhi si mambo ya Muungano.

2. Nani anaendesha mashtaka ya mtu anayetuhumiwa kuvunja duka Darajani? Jawabu: Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar.

3. Mfanyabiashara wa Chake Chake anaidai idara ya Serikali iliyoko Dodoma malipo ya mizigo aliyowauzia huko. Ni afisi gani itakayosimama kujibu hoja zake mahkamani? Jawabu: Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ingawa jina linaloandikwa ni la Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

4. Je, inahitajika idhini ya Waziri kuishitaki Serikali huko Bara? Jawabu: La. Sharti hilo lilikataliwa na mahkama mwaka 1993 na kuondolewa katika sheria mwaka 1994. Kinachohitajika ni notisi.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, Serikali iliyokubali kushitakiwa na raia wake imekubali kuwa sheria iko juu yake. Lakini mlango uliowekwa wazi humfaa yule anayejua ulipo. Basi somo hili lisomwe katika mabaraza, lisomwe maskani, na lielezwe kwa wale wasiosoma, hasa wazee wetu na kina mama wa vijijini, ambao mara nyingi ndio wanaorudishwa na karatasi zao mikononi. Anayejua Serikali ipi imemgusa na ni mwanasheria gani anaisemea, huyo amekwisha kuvuka nusu ya safari ya kuipata haki yake.

Afisa Habari